Kitufe Kilichonyamaza

Mwezi wa Septemba mwaka 2013 alifika ofisini kwetu, Dar es Salaam, mzee mmoja kutoka mikoa ya kusini. Alikuwa amepanda basi kutwa nzima, akalala kwa nduguye Mbagala, na asubuhi tulipofika kazini tulimkuta keshakaa kwenye benchi la nje, bahasha ya kaki mapajani. Binti yake alikuwa ameomba nafasi katika chuo kimoja, nacho chuo hicho kilikuwa kimetupa sisi kazi ya kutengeneza fomu ya maombi ya kwenye mtandao. Majina yalipotoka, la binti halikuwamo. Chuoni aliambiwa kwamba maombi ya binti yalipokewa mara tatu, na kanuni yao ni kwamba anayeomba zaidi ya mara moja hufutwa kabisa. Wakamwelekeza kwetu.

Nilimwamkia, nikamvutia kiti, nikamwomba anieleze ilivyokuwa. Fomu waliijaza kwenye duka la steshenari la mji wao, siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi, kwa kompyuta iliyounganishwa na modemu. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kando ya binti muda wote. Walipofika ukurasa wa mwisho binti akabonyeza kitufe cha kutuma.

“Kikatunyamazia, mwanangu,” alisema. “Tukadhani hakijasikia. Tukabonyeza tena.”

Mara ya tatu aliyebonyeza ni mwenye duka.

Nikaifungua fomu ile kwenye mashine yangu ili nimwonyeshe kwamba ni nzima. Nikabonyeza, na kabla sijaondoa kidole yakatokea maneno ya shukrani: maombi yamepokelewa. Mzee aliitazama skrini, kisha akanitazama mimi, na kwa adabu yake hakusema kitu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba baina ya kubonyeza na kushukuriwa kuna kipindi. Ofisini kwetu kipindi hicho kilikuwa pungufu ya sekunde moja. Kwa mzee huenda kilikuwa dakika nzima. Je, katika dakika hiyo kitufe kilikuwa na sura gani? Mimi niliyekitengeneza nilikuwa sijui. Sikuwahi kukiona.

Tuliandika barua ya kukiri kosa, chuo kikaipokea, lakini nafasi zilikuwa zimekwisha. Binti aliingia mwaka uliofuata.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, kwa vipande vipande na kwa nafasi nilizopata, habari za watu waliohangaika na jambo hili kabla yangu: namna ya kukichomoa kipande kimoja cha uso wa programu, kitufe au kisanduku cha kuandikia au orodha, kukiweka peke yake mezani na kukitazama katika kila hali inayoweza kukipata. Nilidhani ni jambo la juzi. Kumbe lina karibu nusu karne.

Msomaji asiyefanya kazi hii aniruhusu nieleze kwanza ugumu wenyewe. Ili nikione kitufe kile kikiwa katika hali ya kusubiri, ingenipasa niwashe mfumo mzima, nijiandikishe kama mwombaji wa uongo, nijaze kurasa sita, nifike ya mwisho, nibonyeze, na papo hapo nichomoe waya wa mtandao. Nikishabadilisha rangi kidogo, nianze upya. Hakuna aliyefanya hivyo. Si kwa uvivu. Ni kwamba kazi ilikuwa na saa zake, na kitu usichokiona hakikudai saa hata moja. Fundi redio wa Kariakoo hana shida hiyo. Akiletewa redio bubu hutoa spika, huzigusisha nyaya zake mbili na betri kavu, na ikikwaruza kidogo anajua kwamba spika ni hai na ugonjwa uko kwingine. Haihitaji redio nzima kuisikia spika. Sisi tulihitaji redio nzima, na mnara wa matangazo juu yake.

Malalamiko ya kwanza ninayoyafahamu yalitolewa mwezi wa Oktoba mwaka 1968 katika mji wa Garmisch, Ujerumani Magharibi, kwenye mkutano wa wataalamu wa kompyuta uliogharimiwa na NATO. Mmarekani Douglas McIlroy, wa maabara za Bell, alisimama akawaambia wenzake kwamba watunga programu wako nyuma kama mafundi wa vijijini mbele ya viwanda: kila mmoja huchonga kila kitu upya kwa mkono wake. Mhandisi wa vifaa vya umeme hufungua katalogi akachagua kipande kwa ukubwa na uwezo wake. Kwa nini programu zisiwe na katalogi za namna hiyo? McIlroy hakuwa akizungumzia vitufe, maana wakati ule kompyuta nyingi hazikuwa hata na skrini. Lakini ndani ya hoja yake mna jambo lililokuja kutuhusu: kitu hakiwezi kuingia katika katalogi iwapo hakijulikani peke yake, nje ya mashine kitakamofungwa.

Mambo ya uso yalianza kuiva katika miaka ya 1970 huko Palo Alto, jimbo la California, kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox. Alan Kay na wenziwe, miongoni mwao Adele Goldberg na Dan Ingalls, walitunga lugha waliyoiita Smalltalk. Humo kila kitu kilichoonekana kwenye skrini kilikuwa kitu kamili chenye mwili wake, na uliweza kukifungua na kuchungulia ndani huku programu ikiendelea kwenda. Kisha akaja mgeni kutoka Norwei, Trygve Reenskaug, ambaye mwaka 1979 alipendekeza mgawanyo wa kazi ambao bado tunauishi: habari zenyewe zikae mbali, sura inayozionyesha ikae mbali, na kinachopokea amri za mtumiaji kikae mbali.

Naomba nikae kidogo kwenye mgawanyo huo, maana nadhani ndio mlango wa habari yote hii. Ikiwa sura ya orodha ya wanafunzi haijui majina yanatoka wapi, yaani haijui kama yametoka kwenye hifadhi ya chuo au yamebuniwa na mtunga programu sasa hivi, basi unaweza kuilisha chochote. Ilishe majina elfu. Ilishe jina moja refu kuliko kisanduku. Usiilishe kitu, uone inasemaje ikiwa tupu. Sura inayokubali kudanganywa ndiyo sura inayoweza kuchunguzwa. Fomu yetu ya mwaka 2013 haikukubali kudanganywa hata kidogo. Kitufe chake kilikuwa kimeshonwa moja kwa moja kwenye seva ya chuo, na bila seva hakikuwa chochote.

Mtu ninayemwonea wivu katika habari hii ni Mfaransa mmoja, Jean-Marie Hullot. Katika miaka ya 1980 alikuwa mtafiti wa taasisi ya INRIA huko kwao, akatengeneza chombo cha kujengea uso wa programu kwa kuuchora badala ya kuuandika. Alijiunga na kampuni ya Steve Jobs iliyoitwa NeXT, na kompyuta ya kampuni hiyo ilipozinduliwa San Francisco mwezi wa Oktoba mwaka 1988, chombo chake kilikuwa kimekuwa Interface Builder. Vitufe na visanduku vilikaa kwenye sinia pembeni. Ulichukua kimoja kwa kipanya ukakiburuta hadi kwenye dirisha ulilokuwa ukilijenga. Zaidi ya hayo kulikuwa na amri ya kujaribu. Ukiichagua, uso uliouchora uliamka: vitufe vikabonyezeka, visanduku vikaandikika, ilhali nyuma yake hapakuwa na programu yoyote. Hullot alifariki mwaka 2019, na sidhani kwamba wengi wa wanaofanya kazi yangu walijua wamefiwa.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mwaka 1990, katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, Uswisi, Mwingereza Tim Berners-Lee alikaa mbele ya kompyuta ya NeXT akaandika kivinjari cha kwanza cha dunia, na ifikapo mwisho wa mwaka kilikuwa kikifanya kazi. Amewahi kueleza kwamba mashine ile ilimwezesha kufanya kwa miezi michache kazi ambayo kwingine ingemchukua kama mwaka, kwa kuwa vipande vingi alivikuta vimeshatengenezwa. Naam, wavuti ulizaliwa juu ya meza yenye sinia la Hullot. Lakini haukurithi sinia. Ukurasa wa wavuti haukukusudiwa kuwa mashine; ulikuwa karatasi, ripoti ya mwanasayansi yenye viungo vya kumpeleka msomaji kwenye ripoti nyingine. Karatasi haina vipande vya kuchomoa. Vitufe na visanduku vya kujazia vilikuja baadaye, mwaka 1995 ikaja lugha ya JavaScript iliyoandikwa na Brendan Eich kwa siku kumi, na mwezi wa Desemba mwaka 1996 zikaidhinishwa kanuni za mapambo, CSS, alizokuwa amezipendekeza Håkon Wium Lie miaka miwili nyuma.

Kanuni hizo nimezitukana mara nyingi, na mara nyingi nimezionea. Zilikusudiwa kulipamba jarida zima kwa mkupuo mmoja, na kwa kazi hiyo ni nzuri mno. Taabu ni kwamba ukisema “vitufe vyote viwe kijani”, ni vyote kweli, hata kile usichokikumbuka katika ukurasa usioufungua. Kitufe hakikuwa na kuta. Kwa hiyo kwa miaka ishirini hivi sisi watengenezaji wa tovuti tulijenga kwa ukurasa na kukagua kwa ukurasa. Aliyetoka kwenye NeXT mwaka 1990 akaja kufanya kazi nasi mwaka 2010 angedhani amerudi nyuma.

Kuta zilianza kujengwa mwaka ule ule aliokuja mzee, nasi tulikuwa hatuna habari. Mwezi wa Mei mwaka 2013 kampuni ya Facebook ilitoa bure maktaba ya programu iitwayo React, kazi ya mhandisi wao Jordan Walke. Ndani yake ukurasa hujengwa kwa vipande, na kila kipande hupewa habari zake kutoka nje kisha huonyesha kilichopewa. Fikra ya Reenskaug ilikuwa imerudi kwa njia nyingine. Mwezi uliofuata Brad Frost, mbunifu wa tovuti wa Pittsburgh, aliandika kwamba tuache kufikiri kwa kurasa, tuanze na vipande vidogo kama atomu, tuviunganishe viwe molekuli, na kuendelea hadi ukurasa uwe ndio wa mwisho. Mfano wa kemia haunivutii sana, maana atomu haina siku mbaya na kitufe kinazo. Hata hivyo yeye na Dave Olsen walitengeneza na chombo, Pattern Lab, cha kuvionyesha vipande hivyo kimoja kimoja, na hilo lilikuwa la haja.

Chombo kilichokuja kuenea kuliko vingine kilitoka mahali ambapo wengi hawakupatazamia. Arunoda Susiripala, wa Sri Lanka, alikuwa na kampuni ndogo iitwayo Kadira iliyouza huduma ya kupima mwendo wa programu zilizoandikwa kwa mfumo wa Meteor. Mwaka 2016 alitoa bure kifaa alichokiita React Storybook, yaani kitabu cha hadithi. Upande wa kushoto wa skrini kuna orodha ya vipande. Kulia kuna uwanja mtupu ambamo kipande ulichokichagua huonyeshwa peke yake, ndani ya dirisha lililotengwa ili mapambo ya kifaa yenyewe yasikiguse. Chini kuna kidaftari kinachoandika kila tendo unalokitendea kipande. Nacho kipande huandikiwa hadithi zake: kitufe cha kawaida ni hadithi moja, kitufe kilichozimwa ni nyingine, kitufe chenye maneno marefu ni nyingine. Kila hadithi ni mistari michache tu inayokilisha kipande habari za kubuni.

Kuliita jambo hilo hadithi kulinifurahisha mimi niliyelelewa na bibi. Bibi naye hakuwa na sungura mmoja. Alikuwa na sungura mwenye njaa, sungura aliyenaswa, sungura aliyemdanganya fisi, na kila usiku tulimjua zaidi sungura yule yule.

Kifaa hiki nusura kife kichanga. Kadira ilifunga shughuli zake, na mwaka 2017 Storybook ilikuwa haina mwenyewe: watumiaji wengi, matatizo yaliyoripotiwa yakirundikana, hakuna anayeyajibu. Kwa kuwa maandishi yake yalikuwa huria, waliokuwa wakikitumia walijitolea kukichukua, miongoni mwao Norbert de Langen wa Uholanzi na Michael Shilman. Kabla ya yote walilazimika kulibadilisha jina la kifurushi, maana lilibeba jina la kampuni. Toleo la tatu lilitoka mwaka huo huo wa 2017 mikononi mwao, na kabla mwaka haujaisha lilikuwa limeanza kuhudumia pia Vue na Angular, mifumo iliyoshindana na React. Yatima akaanza kulisha nyumba za jirani. Nimeona programu nyingi zilizokufa pamoja na kampuni zilizozizaa, na wateja wake wakaachwa na karatasi za leseni.

Mimi nilikifikia mwaka 2018, tulipokuwa tukiihamisha fomu ile ile ya chuo kwenye React. Nilianza na kitufe cha kutuma, si kwa mpango bali kwa sababu kilikuwa kinanikaa rohoni. Nilikihamisha kama kilivyokuwa, bila kukirekebisha, nikakiandikia hadithi tano, ya pili ikiwa ni kitufe kinachosubiri jibu la seva lisilokuja. Nikafungua hadithi ya kwanza: kitufe cha bluu, “Wasilisha maombi”. Nikafungua ya pili: kitufe cha bluu, “Wasilisha maombi”. Nilidhani kifaa kimegoma. Nikafunga, nikafungua tena. Kisha nikaelewa kwamba kifaa hakina kosa. Hatukuwa tumekipa kitufe sura yoyote ya kusubiri. Nilikibonyeza, hakikubadilika. Nikabonyeza tena, na tena, na kule chini kidaftari kikaandika kwa utulivu: kimebonyezwa, kimebonyezwa, kimebonyezwa.

Miaka mitano nilikuwa nimejiambia kwamba mtandao wa kusini ndio uliomponza binti yule.

Marekebisho yalichukua nusu siku. Kitufe kikishabonyezwa hufifia, huandika “Inatuma, tafadhali subiri”, na hakipokei mbonyezo mwingine. Hadithi ya maneno marefu nayo ilitupa aibu yake: fomu iliwahi kubuniwa kwa Kiingereza, na “Wasilisha maombi” yalipowekwa mahali pa neno moja fupi yaliangukia mstari wa pili na kukatwa miguu. Hilo lilikuwapo tangu mwanzo kwenye simu ndogo, na hakuna mwombaji aliyelalamika. Nadhani walidhani ndivyo vitufe vya Kiswahili vilivyo.

Lakini nisikipe kifaa sifa isiyo yake. Dawa kamili ya kosa la mwaka 2013 haikuwa kwenye kitufe. Seva ndiyo ingepaswa kutambua kwamba maombi matatu yenye namba moja ya mtihani, yaliyoingia katika dakika tatu, ni ya mtu mmoja aliyekosa jibu, na chuo ndicho kingepaswa kuwa na kanuni yenye huruma kidogo. Ungekitazama kitufe peke yake mwaka mzima usingeyaona hayo. Kuna wenzangu waliolewa na vipande. Wana maktaba ya vipande mia, kila kimoja kina hadithi zake zimepangwa vizuri, na ukurasa wenyewe haujawahi kufunguliwa kwenye simu ya bei nafuu. Spika inaweza kukwaruza vizuri kwenye betri ya fundi na redio isilie.

Hili nalo lilinipata mimi. Mwaka 2019 mpwa wangu alikuja kwangu kuomba chuo, chuo kile kile, akakaa sebuleni na simu yake. Sikumwambia kwamba fomu ni kazi ya mjomba wake. Alijaza kimya kimya hadi ukurasa wa mwisho, kisha akainua kichwa.

“Mjomba, mbona hakuna pa kutumia?”

Nikaenda nikasimama nyuma yake. Kisanduku cha mwisho kilikuwa bado kimefunguliwa, na kibao cha herufi cha simu kilikuwa kimepanda hadi katikati ya kioo. Kitufe changu chenye hadithi tano, zilizokaguliwa moja baada ya nyingine kwenye skrini pana ya ofisini isiyo na kibao cha herufi cha namna hiyo, kilikuwa chini yake kimefunikwa kabisa. Nikamwambia akishushe kibao. Akakishusha, kitufe kikatokea, akabonyeza. Kikafifia, kikaandika “Inatuma, tafadhali subiri”.

Mtandao jioni ile ulikuwa mzito. Mpwa wangu aliweka simu juu ya goti, wala hakubonyeza tena. Tukasubiri.